Mwalimu wa Dakika Moja

Sote Mwalimu alituita "mwandishi." Hata yule fundi cherehani ambaye kwa miezi mitatu hakuweza kumaliza ukurasa mmoja, hata mimi msusi niliyekuja darasani na mafuta ya nywele vidoleni. "Mwandishi, funga mlango." "Mwandishi, kalamu yako iko wapi?" Usidhani alikuwa anatusifu. Ukimsomea kazi mbaya alikutazama juu ya miwani, akanyamaza muda wa mtu kumenya chungwa zima, kisha akasema, "Mwandishi, umetudanganya." Na wewe uliyekuja na shati lililopigwa pasi unatamani ardhi ipasuke uingie.

Jina lake silitaji. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo waulize wa kwao. Mimi nilimjua Jumamosi mchana, miaka sita, katika ukumbi wa parokia kule Katuba, alikofundisha kuandika kwa Kiswahili. Watu walicheka sana. Kifaransa sawa, mtu anakwenda kukisomea. Lakini nani anakwenda darasani kusomea lugha anayogombana nayo sokoni? Mama yangu mwenyewe aliniuliza, "Unaenda kufundishwa kusema? Weye? Na vile unasemaka?" Nikacheka, maana ni kweli, kwa mdomo sijambo.

Kazi ya video aliianzisha kwa hasira. Alikuwa ametuambia tuandike juu ya asubuhi nyumbani, na karibu darasa zima likaandika jua linachomoza na ndege wanaimba. Kijana mmoja akatia na mawimbi ya bahari.

"Bahari umeiona wapi, mwandishi?"

"Mu televizyo, Mwalimu."

Mwalimu alipiga meza mpaka chaki ikaanguka. Kwetu Katuba asubuhi inaanza na mtu anayegombana na kibeseni cha makala, yaani makaa, yenye unyevu yasiyotaka kushika moto, na kati ya watu wote wale hakuna aliyemwandika. Jumamosi iliyofuata akaja na kanuni mpya. Kila mtu atachukua simu, atampiga video mtu wa nyumbani kwake akifanya kazi. Usimwambie asimame vizuri. Usimwambie acheke. Na iwe dakika moja, isizidi hata kidogo, kwa sababu mega za intaneti kwenye simu si za kuchota mtoni, na kwa sababu nyingine ambayo aliisema mara nyingi: "Asiyeona kitu kwa dakika moja, hata ukimpa siku nzima ataona tumbo lake tu."

Tuliitazama kila video mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho na masikio. Mara ya pili bila sauti. Mara ya tatu simu inalazwa kifudifudi mezani, tunasikiliza tu. Hapo ndipo watu walipoumbuka. Fundi cherehani alimleta mke wake anapiga pasi ya makala. Kwa macho ilikuwa video nzuri, mama mnene, nguo nyeupe, moshi kidogo. Simu ilipolazwa tukasikia kwamba kila fundi akitoa neno, mke anavuta pumzi ndefu na kuishusha. Mara nne kwa dakika moja. Fundi akabaki anaitazama meza. Miaka kumi na miwili ya ndoa na hakuwahi kuisikia ile pumzi. Mwalimu hakucheka, akamwambia tu, "Andika hiyo."

Baada ya mara ya tatu unaandika, na simu hairuhusiwi kufunguliwa tena. Ukimaliza, unakata. Kukata ndiyo ilikuwa dini yake. "Neno linalokufurahisha wewe peke yako, kata." "Ongeza macho, punguza maneno." Kalamu yake nyekundu ilipita kwenye karatasi zetu kama mtu anayepalilia mahindi, na tulizoea mpaka tukaanza kujipalilia wenyewe kabla hajafika.

Kukata aliruhusu. Kuongeza, ole wako! Fundi yule yule, kwenye kazi yake ya pili, aliandika kwamba mbwa alibweka nyuma ya nyumba. Tukarudi kwenye video. Mbwa hayupo.

"Mbwa huyu ametoka wapi?"

"Nilimuongeza juu ya utamu, Mwalimu."

Mwalimu alichora mstari juu ya ukurasa mzima, kona kwa kona, akamrudishia bila muhuri. Fundi alikunja karatasi yake taratibu, akaiweka mfukoni, akatoka, na hatukumwona tena darasani. Nilimkasirikia Mwalimu siku ile. Mbwa mmoja tu, jamani!

Na huyo huyo aliyemfukuzia mtu mbwa, mwenyewe alikuwa mwongo wa kupendeza. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Darasa la kwanza walielezwa kwamba kilibanwa na mlango wa behewa. Sisi tukaambiwa ni mashine ya kukatia karatasi. Waliokuja nyuma yetu waliambiwa ni nyani. Nyani! Nilimuuliza ipi ni ya kweli, akakitazama kile kidole kama mgeni. "Hiyo haiko kazi ya darasa, mwandishi."

Simu alizichukia, akiwa nayo moja yenye kioo kilichopasuka, aliyopewa na binti yake. Aliandika ujumbe kwa hicho hicho kidole kifupi, na kila ujumbe kwenye grupu letu la WhatsApp aliumalizia kwa kutia sahihi, "Mwalimu," na nukta, kana kwamba tungedhani ni gavana. Kazi nzuri ya wiki aliiweka kwenye grupu wote waione. Tuliigombania nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Kuliko kitu chochote isipokuwa muhuri. Alijichongeshea mjini, wa duara, wino wa zambarau. Pembeni limeandikwa neno moja tu, IMESOMWA, na katikati kuna tarehe inayozungushwa kwa vigurudumu vidogo. Watu wengine wangeandika vyeo vyao. Yeye aliandika kwamba amesoma, basi. Lakini sisi ni watu wa mji huu. Kwetu karatasi isiyo na kashe, yaani muhuri, ni ya kufungia karanga, na yenye kashe mtu anaishika kwa mikono miwili hata kama hajui imeandikwa nini. Kuna wanafunzi waliotundika kazi zao ukutani kando ya picha ya harusi.

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana bila hiyo simfahamishi mtu Mwalimu.

Baba alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Nyumba tulimoishi aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwenye lupango, kiwanja ambacho karatasi zake zilibaki na jina la babu. Hakuzigeuza. Kila mwaka alisema mwaka huu, na mwisho mwaka ukamgeuza yeye. Kaka yake mkubwa, baba mukubwa wetu, alianza kupita pita pale uani akihesabu vyumba kwa macho.

Kwa kazi ya video nilimpiga mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa namchokoza kama kawaida yangu, namwambia tupake ukuta rangi. Mama akatwanga, akatwanga, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Rangi? Rangi ya nini? Hii nyumba haiko yangu." Na mchi ukashuka. Nilikuwa nimepiga kama dakika nne. Nikakata mpaka ikabaki dakika moja, nikaimalizia pale pale kwenye neno "yangu" na mshindo wa mchi, kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Zilizobaki nikazifuta, simu ilikuwa imejaa.

Darasani, simu ilipolazwa kifudifudi na neno lile likatoka, watu walishusha pumzi. Nilipomaliza kuandika, Mwalimu alinipigia muhuri mbele ya wote. Jioni akaiweka video kwenye grupu. "Sikilizeni mwisho. Mwalimu." Niliruka ruka uani kama mtoto.

Grupu lina watu, na watu wana magrupu mengine. Haikupita wiki tatu, baba mukubwa akaitisha kikao cha ukoo pale pale uani kwetu, viti vya plastiki, mzee wa ukoo katikati. Hakusema mengi. Akatoa simu, akaongeza sauti, akaizungusha mbele ya kila mmoja. Rangi ya nini? Hii nyumba haiko yangu. Du!

Mzee akamgeukia mama. "Mama, hii sauti iko yako?"

"Iko yangu, mzee."

"Basi yeye mwenyewe anajua," akasema baba mukubwa. "Nyumba iko ya ukoo. Ndugu yangu tulimukopesha tu mahali ya kulala."

Nikasimama, mtoto mbele ya wakubwa, nikapiga kelele: "Imekatwa! Kuko maneno ingine nyuma! Mama alisema haiko yangu, iko ya batoto yangu, baba yao alibaachia!"

Mama alinitazama. Mzee akasema, kwa upole, jambo la haki kabisa: "Mwanangu, leta basi kile kipande kilibakia. Tutarudi siku ya Mungu ijayo."

Kipande hakikuwepo. Nilipekua simu mpaka betri ikaisha. Nikafungua karatasi yangu yenye muhuri. Na huko nilikuwa nimekata vile vile, hadithi inaishia kwenye mshindo wa mchi. Mwanafunzi mwema kupita kiasi. Nililia siku mbili. Mama hakulia. Alianza kufunga vyombo vyake kwenye vitambaa, kimoja kimoja, bila kuambiwa na mtu.

Alhamisi nikaenda nyumbani kwa Mwalimu. Nilimkuta anasahihisha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Maneno ya nyuma," aliuliza, "mbona hayako kwenye kazi yako?"

"Ulisema tukate, Mwalimu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Uliyasikia? Kwa masikio haya?"

"Haya haya, Mwalimu. Kweli ya Mungu."

Na sikuwa namdanganya. Nataka ieleweke vizuri. Nilikuwa nayasikia maneno yale kichwani kwa sauti ya mama, nikiona na mkono wake unavyopangusa jasho akiyasema. Ningeapa mbele ya sanduku la baba.

Alikaa kimya muda wa machungwa mawili. Kisha akasema, kama anayejisomea, "Mimi ndiye niliyesema dakika moja. Mimi ndiye niliyeitupa kwenye grupu." Akachana karatasi kutoka daftari la mistari, aina ile ile ya darasani, akanipa kalamu. "Andika upya. Yote kama yalivyokuwa, na yale ya nyuma. Usiongeze kitu kingine."

Nikaandika. Akautoa muhuri kwenye kikopo chake. Vile vigurudumu vya tarehe vilikuwa vigumu kurudi nyuma, basi akachukua njiti ya kiberiti, akaanza kuvisukuma, siku, kisha mwezi. Mwezi uligoma. Njiti ikavunjika, akachukua nyingine. Tarehe ilipofika ile ya darasani, akapiga. Ile karatasi ya kwanza akaniomba, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakunitazama usoni. "Nenda, mwandishi," akasema, na nilipofika mlangoni sikumsikia akirudi kwenye kusahihisha.

Jumapili mzee wa ukoo aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Kabla ya kusoma alitafuta kashe, akaipitisha kidole gumba. "Imesomwa," akasoma kwa sauti. "Na tarehe iko ya mbele ya mambo yote haya." Baba mukubwa akauliza kashe ya nani. Akaambiwa ya mwalimu. Hakuna aliyeuliza muhuri unaosema imesomwa unashuhudia nini. Mzee akamuuliza mama, "Mama, ni vile ulisema?" Mama alivuta kikwembe chake begani, akanitazama mimi kwanza, kisha ile karatasi.

"Kama imeandikwa, imeandikwa," akasema.

Nikadhani ni aibu ya mjane mbele ya mashemeji. Vyombo vikafunguliwa kwenye vitambaa vyao. Nyumba ikabaki, na kabla ya mvua nilipaka ukuta rangi, njano, mpaka majirani wakatutania kwamba tumefungua duka.

Mwalimu alirudi darasani Jumamosi iliyofuata na kutuambia muhuri umepotea. Wenzangu walisikitika, wakataka kuchanga wamchongeshee mwingine, akakataa. Kazi za video nazo akaziacha. Aliyeuliza alijibiwa mega zimepanda bei. Kalamu nyekundu ilipungua wino: mtu aliweza kutia ndege, jua, hata bahari, na Mwalimu akapita juu yake akasema, "Vema, endelea." Hilo ndilo lililonitisha. Siku moja fundi cherehani alinisimamisha njiani, ameshangaa. "Mwalimu wenu alikuja kwangu. Amevaa koti. Anasema ananiomba samahani juu ya mbwa. Mbwa gani?" Yeye alikuwa amekwisha kusahau. Mimi nilijua mbwa gani, nikajifanya sijui, nikamwambia wazee wako vile.

Mwaka uliofuata darasa lilikufa lenyewe. Hakuna aliyelifunga. Nilipaswa kwenda kumwona, na sikwenda. Kila nikipanga nilipata kichwa cha kusuka. Tuseme ukweli: nilimwonea haya, na mtu aliyekusaidia kwa aibu yake ni mzigo kumtazama.

Nimemwona kiangazi hiki, kule Naviundu kwa binti yake. Nilikuwa nimeitwa kusuka bibi harusi nyumba ya pili, nikasikia kikohozi ng'ambo ya ukuta, nikakijua, nikaingia. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, blanketi magotini, macho yamefunikwa na wingu jeupe. Haoni tena. Binti akasema, "Baba, kuko mugeni." Nikasalimia, na kabla sijataja jina akainua kidole kile kifupi.

"Mwandishi wa sombe."

Nikapiga magoti pale, nikamshika mkono. Tuliongea habari za watu, nani amezaa, nani amekwenda Kolwezi. Nikamchokoza juu ya kidole, kama ni behewa au nyani. Hakucheka. Alisubiri binti yake aingie ndani, akasogeza kichwa.

"Yale maneno ya nyuma. Mama yako aliyasema?"

"Aliyasema, Mwalimu."

"Wewe uliniambia. Miaka yote nina neno lako tu." Akaushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Sitaki kukuhukumu. Nataka kulala. Mama bado yuko?"

"Yuko."

"Basi nakupa kazi. Mpige video, umuulize. Mimi sitaona, nitasikiliza. Dakika moja, mbili, kumi, sijali. Usikate."

Nilirudi Katuba mwepesi kabisa, nakwambia, karibu naimba. Kazi rahisi namna hii! Mama nilimkuta uani anachambua maharagwe, ukuta wa njano nyuma yake. Nikawasha simu.

"Mama, unakumbuka ile siku ya sombe? Kisha kusema hii nyumba haiko yangu, ulisema nini tena?"

"Nilisema nini? Sikusema kitu. Nilikuwa na hasira na baba yako juu ya makaratasi, nikaendelea kutwanga."

"Mama. Ulisema iko ya batoto yangu, baba yao alibaachia."

Aliinua kichwa. "Ile ulisema weye, ku kikao. Miye nilisikia ile siku, kama bote. Nikasema mu roho: eh, mutoto wangu ananipenda. Nilifikiri unajua." Akatupa maharagwe mabovu pembeni. "Lakini haina uongo, si nyumba iko yenu? Mbona unanitazama vile? Mbona unalia? Zima ile simu."

Nilizima. Nilikaa na ile video siku tatu. Ilikuwa dakika moja na kidogo, na mahali pa kukata palikuwa wazi: ningeweza kubakisha swali langu la batoto na lile lake la "haina uongo, si nyumba iko yenu," nikampelekea mzee usingizi wake. Kidole kilifika pale zaidi ya mara moja. Yeye alinirudishia tarehe kwa njiti mbili za kiberiti. Mimi ningeshindwa kumkatia sekunde arobaini?

Siku ya nne niliituma kwa simu ya binti yake, nzima, na kilio changu humo ndani.

Jioni binti akanipigia. "Yaya," akaniita, kama dada yake mkubwa, "baba amesikiliza. Mara tatu. Mara ya mwisho alitaka nilaze simu juu ya meza, kifudifudi." Nikasikia kikohozi nyuma yake. "Anauliza kama hukukata kitu."

"Mwambie sikukata," nikasema.

Nikamsikia akimwambia. Na nikasubiri, simu sikioni, lakini hakuna neno lingine lililokuja.